Hasi Kumi na Nane

Jarkko alikuja Igogo kutengeneza kompresa,
akakaa siku tisa, akala ugali kwa uma,
akaondoka akiniachia flashi yenye nyimbo nane,
dakika arobaini na moja,
na onyo kwa Kiswahili chake cha kitabuni:
"Hii ni metali nyeusi, Masalu. Usimpigie mama yako."

Mama alifariki nikiwa darasa la tano.
Sikumwambia.

Nilijiandaa kwa vita.
Bahebe, tunayepakia naye maboksi zamu ya usiku,
alichukua waya wa sikio moja, mimi wa pili,
tukasubiri kupigwa.
Hatukupigwa.
Ngoma ilitembea kama mtu anayetoka msibani
viatu mkononi.
Magitaa yakavuma, yakavuma tu,
kama wale wadudu wa ziwa wanaoinuka alfajiri
ukadhani kisiwa kinaungua,
ukisogea hakuna moto,
ni viumbe vya siku moja vinavyotafuta wenza.

Halafu yule mtu akapiga ukelele.

Bahebe akacheka.
"Haina meno hii. Wametoa miba, wameacha mnofu."
Akarudi kwenye singeli yake.

Mimi nikabaki na mnofu.
Chumba cha baridi, hasi kumi na nane,
tani kumi na mbili za sangara wasio na vichwa wanangoja ndege,
pumzi yangu naiona kwa macho,
kitu ambacho Mwanza haikuonyeshi kwingine kokote,
na kompresa inavuma sauti ileile ya gitaa la wimbo wa tatu,
ileile, nikashindwa kujua
wimbo unakoma wapi, mashine inaanzia wapi.
Labda ndiyo maana alinipa.
Labda hakufikiria lolote, alikuwa anapunguza mzigo.

Kuhusu ukelele:
nimeusikia wa Mwaloni, bei ya dagaa ikigoma,
wa Mabatini, mwizi akikimbia na mtungi wa gesi,
wa uwanja wa Kirumba, refa akikataa bao.
Kila mmoja una mtu wa kumpata.
Huu hauna anwani.
Huu nilikuwa nimeusikia mara moja tu,
Kayenze, usiku ule tulipoanua matanga.

Baba alitoka nje.
Akapanda lile jiwe ambalo mama alikuwa akianikia dagaa,
akalikabili ziwa, akafungua kinywa.
Si tusi. Si jina la mama. Si Mungu.
Majirani wakatoka na mapanga wakidhani ni wezi,
wakamkuta mtu mzima, mikono inaning'inia,
magamba yaliyokauka yameganda kwenye nyayo.
Wakashusha mapanga, mmoja baada ya mwingine.
Ngofilo, fundi baiskeli, akasema kwa aibu,
"Tulidhani ni ugomvi."

Asubuhi baba alichemsha mihogo,
akaniuliza kama nimemaliza hesabu zangu.

Miaka ishirini na sita sijamsimulia mtu jambo hilo,
maana ningeanzaje?
Baba alipiga kelele lakini hakuwa na hasira.
Sentensi hiyo watu huisikia nusu ya kwanza tu.
Na sasa kuna vijana wanne wa huko kwenye theluji,
wameingia studio, wamelipia umeme,
wamerudia nusu ya pili mara nane.

Sijui Kifini. Sitaki tafsiri.
Yawezekana anataja mti, au ng'ombe aliyepotea,
au kodi ya nyumba.
Wimbo wa sita una sehemu ambapo wote wananyamaza
isipokuwa mmoja aliyesahaulika kwenye kinanda,
na hapo ndipo nilipovua glavu
nikafuta uso haraka,
kwa sababu humo ndani chozi halikupi muda.

Juzi Jarkko ametuma ujumbe:
Vipi, yale makelele yaliumiza masikio?
Nikaandika kirefu. Nikafuta.
Nikaandika kuhusu jiwe. Nikafuta.
Nikaandika:
Kompresa inafanya kazi vizuri.
Hasi kumi na nane. Haijapanda.